Ukitaka kuifaidi picha ya kauboi, anza na adui

Vijiweni hapa Dar, picha za kauboi zikitajwa, mabishano huwa ni ya stelingi: kati ya John Wayne na Clint Eastwood, nani mkali? Ubishi mtamu, ila hauzai kitu, maana stelingi wengi wanafanana. Haongei sana, shabaha anayo, na mtazamaji anajua tangu mwanzo kuwa hafi. Picha yenyewe husimama au huanguka kwa adui.

Chukua Shane ya 1953. Alan Ladd ndiye stelingi, mpole na msafi. Bila Jack Palance ingebaki hadithi ya ugomvi wa mashamba na ng'ombe. Palance ni Wilson, muuaji wa kukodiwa, na anachofanya ni kidogo sana: anatembea taratibu, anasema maneno mawili matatu, anatabasamu. Kuna mahali mkulima Torrey anakuja barabarani, miguu inateleza kwenye tope. Wilson yuko juu yake, kwenye baraza kavu ya mbao, anavaa glavu nyeusi mkono wa kulia, kidole baada ya kidole. Glavu ikishaingia, Torrey amekwisha, hata kama bastola bado haijatoka. Risasi inapolia anarushwa nyuma kama kavutwa, na kweli alivutwa: mwigizaji Elisha Cook Jr. alifungwa waya. Enzi zile wengi wakipigwa risasi walishika kifua tu na kuanguka kistaarabu.

Mtu wa kumfuatilia kuliko wote ni Lee Van Cleef, mwenye macho membamba na pua ya mwewe. Kwenye High Noon (1952) ndiye uso wa kwanza kuonekana, na hatamki neno hata moja mpaka anakufa. Miaka 10 baadaye, kwenye The Man Who Shot Liberty Valance, bado ni kibaraka anayetembea nyuma ya Lee Marvin. Mwongozaji Sergio Leone alipomchukua kwa For a Few Dollars More (1965) ndipo akapanda daraja, tena upande wa wema, akishirikiana na Eastwood kumwinda Gian Maria Volonté. Mwaka uliofuata, kwenye The Good, the Bad and the Ugly, Leone akamgeuza adui. Zitazame hizo mbili zikifuatana. Sura ni ile ile, kiko anavuta zote mbili, lakini utulivu unaokupa imani kwenye ya kwanza ndio unaokutia baridi kwenye ya pili.

Pale makaburini mwishoni mwa The Good, the Bad and the Ugly, kamera inapohama kati ya macho, mikono na bastola viunoni, usitazame uso wa Van Cleef peke yake. Tazama mkono wake wa kulia unavyoisogelea bastola: kidole cha kati hakina ncha. Si ufundi wa kamera, ndivyo alivyokuwa. Kisha linganisha macho ya wote watatu. Ya Eli Wallach yanahangaika, ya Van Cleef yanapima huku na kule, ya Eastwood yametulia, kwa sababu yeye peke yake anajua kuwa bastola ya Wallach haina risasi. Ukirudia picha ukiwa na habari hiyo, pambano zima linasomeka upya.

Adui wangu namba moja, hata hivyo, ni Henry Fonda kwenye Once Upon a Time in the West (1968). Wamarekani walimzoea Fonda kama mtu mwema kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe alifika kazini na masharubu na lenzi za kahawia machoni ili afanane na jambazi. Leone akamtaka avitoe, kwani alichomtakia ni yale macho ya bluu ambayo watu waliyaamini. Familia inauawa shambani, wauaji wanajitokeza vichakani, kamera inamzunguka kiongozi wao kutoka nyuma mpaka usoni, na ni Fonda. Mbele yake kasimama mtoto.

Picha hiyo huharibiwa na maandalizi mabovu. Kamili ni kama dakika 165. Marekani iliwahi kukatwa ikabaki kama 145, kwa hiyo angalia urefu kabla hujalipia flashi. Usianze na ile iliyotafsiriwa na DJ. Mwanzo wake ni majambazi watatu wakisubiri treni, karibu bila maneno: tenki linadondosha maji kwenye kofia ya Woody Strode, nzi anamsumbua Jack Elam, kinu cha upepo kinalia. DJ akiingiza maneno hapo, kazi yote imekwenda. Punguza besi ya sabufa, na pangaboi likivuma sana lizime kidogo kama joto linaruhusu.

Kwenye rimoti, acha ukubwa wa picha ulivyo. Leone huwaweka watu pembeni kabisa, na ukijaza kioo unawakata. High Noon ni karibu mraba. Ukiivuta, Gary Cooper ananenepa. Midomo isipofuatana na maneno kwenye picha za Leone, usilaumu faili: waigizaji walisema lugha tofauti, sauti zikawekwa baadaye. Kipimo ni bastola. Moshi na mlio vikija pamoja, faili ni zima.

Anayetaka kumwona John Wayne akiwa nchini kwetu atafute Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa Tanganyika, maeneo ya Arusha, ikatoka 1962. Ni makauboi kabisa, ila wako kwenye magari wanatupia wanyama kamba ili wawauze kwenye bustani za wanyama. Mbio zile ni za kweli na zinasisimua. Lakini binadamu wa kumkabili Wayne hayumo, na kwa zaidi ya saa mbili na nusu anabaki kuzunguka kambini akitaniwa na wanawake. Anayekaribia kuwa adui wa maana ni kifaru wa mwanzoni, naye hapewi nafasi ya kutosha.