Siku moja kazini, kwa pengwini wa Boulders

Saa 11 alfajiri niko macho kabla simu haijaita. Kazi yangu ni kuongoza wasafiri, na leo nina familia ya watu sita kutoka Tanga, waliofika Cape Town juzi usiku. Chai kwenye chupa, maandazi, masweta ya akiba. Desemba huku ni kiangazi, lakini upepo wa bahari hauna huruma.

Saa 1 tukaondoka: Muizenberg, Kalk Bay, Fish Hoek, hadi Simon's Town.

Saa 2 na nusu tuliingia Boulders, ufuo wa pengwini katika mji huo. Pengwini hawa unawasikia kabla ya kuwaona, maana mlio wao ni wa punda kabisa. Mwaka 1982 jozi mbili tu zilianza kuzaliana hapa. Leo wametapakaa mchangani, juu ya majabali, hadi vichakani. Niliwaonyesha watoto ile ngozi ya waridi juu ya jicho: joto likizidi, damu hukimbilia pale na ndege hupoa.

Bibi yao alikuwa amemkazia macho mmoja aliyejitenga, manyoya yamemtoka kama godoro lililofumuka.

"Mwanangu, huyu anaumwa?"

"Haumwi, bibi. Anabadilisha manyoya. Wiki tatu hivi haingii majini, kwa hiyo hali chochote."

"Wiki tatu!"

"Anaishi kwa mafuta ya mwilini. Ndiyo maana lazima ashibe kabla."

Hapo ndipo penye uchungu. Sadini na dagaa mcheli wanaomshibisha wamepungua, na meli za uvuvi zinawawinda hao hao. Tangu Oktoba 2024 pengwini wa Afrika anahesabiwa miongoni mwa viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Jozi zinazozaliana porini hazifiki 10,000. Bibi ameishi na mvuvi maisha yake yote, sikuhitaji kumweleza zaidi. Tulisimama pale karibu saa nzima, na sikumharakisha mtu.

Saa 7, samaki na chipsi.

Saa 10 tukarudi kuwatazama wakitoka baharini. Wimbi linawatupa ufukweni kwa tumbo, wanainuka, wanajikung'uta, wanapanda kuelekea viotani.

Saa 11 na nusu, maegeshoni, kibao kinaagiza utazame chini ya gari kabla ya kuliondoa, kwani pengwini hujificha humo. Nilipoinama, bibi alikuwa ameshainama upande wa pili.

"Hamna mtu," akasema. "Washa."