Gurudumu Lilipopasuka Mbele ya Elburgon

Nauli ya kutoka Nakuru hadi Molo ilipandishwa shilingi 100 papo hapo, eti kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda, nami nikalipa kwa kuwa mizigo yangu ilikuwa imekwisha kufungwa juu ya matatu. Fedha hiyo ilininunulia nusu ya kiti na dirisha lisilofungika. Njoro ikapita, Elburgon ikapita, na mbele kidogo gurudumu la nyuma likapasuka. Spea nayo haikuwa na upepo. Kondakta alipanda bodaboda kurudi Elburgon, akatuacha kwenye baridi ya nyanda za juu, mimi nikiwa na shati la mikono mifupi linalofaa joto la kwetu Ahero, bonde la Nyando.

Nilitembeatembea ukingoni mwa barabara ili nipate joto, na hapo ndipo nilipoona vishungi vya nyasi nene, rangi yake kijani chenye ubuluu, vimesimama kimojakimoja juu ya zulia la nyasi ya Kikuyu inayotambaa. Nilimwona shosho mmoja, bibi mzee, akichunga kondoo watatu, nikamwamkia, kisha nikajitia ujuzi: "Shosho, hii si ile raigrasi, nyasi ya malisho ya wazungu?"

Hakunijibu. Aliinama, akang'oa chipukizi kutoka shinani, akaniwekea kiganjani. "Bingirisha," akasema. Halikubingirika, lilikuwa bapa kama ukanda uliopigwa pasi, maana jani changa ndani yake lilikuwa limekunjwa. Nikalifunua jani pale linapoachana na shina, nikakuta kiutando cheupe, kirefu, chembamba kama ganda la kitunguu, kimechanika ncha. Raigrasi ya kudumu nayo hukunja jani changa, lakini mgongo wa jani lake hung'aa, shina lake huwa jekundu chini, na kiutando chake ni kifupi. Suke ndilo lililonimaliza: la raigrasi hupanga visuke pande mbili za shina, bali hili lilikuwa na mafundo yaliyosongamana na kuelemea upande mmoja, na tawi la chini kabisa limejitenga kama kidole cha nyuma cha kuku. Basi hii ndiyo Dactylis glomerata, ambayo Waingereza huiita mguu wa jogoo, nyasi ya Ulaya, ya Asia yenye baridi na ya kaskazini mwa Afrika, iliyoletwa nyanda hizi iwe malisho.

"Haipandwi kila mwaka," akasema shosho. "Mimi niliolewa hapa nikaikuta." Chini ya kishungi, kweli, majani makavu ya misimu iliyopita yalikuwa yamerundikana, wala hapakuwa na vitambazi, yaani mashina ya kutambaa. Kondoo wake walinyofoa majani machanga na kuyaacha mabua, jambo ambalo alilieleza kwa kuwanyoshea fimbo tu.

Nikawakumbuka ng'ombe wa mama kule Ahero, ambao baada ya mavuno hula majani ya mpunga hadi pua zinapauka. Nyasi hii hupenda ubaridi. Kwa jua la Nyando sidhani ingefika Krismasi. Hata hivyo nilimwomba shosho ruhusa, nikang'oa kishungi kimoja kwa udongo wake na kukifunga kwa gazeti.

Kondakta alirudi baada ya saa mbili. Hakutaja nauli kurudishwa. Alikitazama kifurushi changu, akaniuliza kama huo nao si mzigo.