Siti ya Nyuma ya Mark II ya Mjomba

Leo Jumatano. Nimetoka Vikindu Jumapili na raba zangu bado zina vumbi la kule, sijazifuta. Usingizi wenyewe wa mang'amung'amu siku tatu hizi, nimeona bora niandike tu.

Mambo yalianzia kwa kinyozi, Mbagala Rangi Tatu, wiki tatu zilizopita. Sio kinyozi wangu. Nilikuwa nimempelekea mteja simu yake (mi natengeneza simu Kariakoo, wengine nawapelekea wenyewe), mvua ikanidaka njiani nikazama kwenye banda la kinyozi. Foleni ya kutosha, nikasogezwa kwenye benchi. Sasa benchi lenyewe ni siti ya nyuma ya gari, imepigiliwa misumari juu ya fremu ya mbao, ngozi yake damu ya mzee, imechakaa mpaka inang'aa pale watu wanapokalia, na imeshonwa vipande vipande umbo la kashata, uzi mweupe, mistari miwili miwili.

Nikawa napitisha kidole kwenye uzi bila kuwaza chochote, kama mtu anavyokwaruza meza akiwa anasubiri, mpaka nikafika kwenye kona. Pale kwenye kona uzi unarudi nyuma hatua tatu halafu unafungwa kwa kimsalaba kidogo kwa ndani. Aisee. Mkono ukaganda palepale.

Mafundi wa siti kila mtu na mwandiko wake. Mi nimekulia kwa mjomba, Temeke Mwembeyanga, Jumamosi zote za utoto wangu nilikuwa Keko kwenye kibanda chake namvutia uzi. Alianza na makochi kama mafundi wengi wa Keko, baadaye akahamia siti za magari. Kile kimsalaba ni chake, alikuwa anasema bila hicho kona inafumuka ndani ya mwaka. Nikamwomba kinyozi niinue siti niangalie chini, akanitazama kama mwehu, nikampa elfu mbili akasema poa broo inua. Chini kwenye gunia kuna maandishi ya makapeni, yamefifia lakini yanasomeka: 7/8/2004, na pembeni, mahali ambapo siku zote alikuwa anaandika jina la mteja, ameandika YANGU.

Nikakaa tena. Nilivyofikiwa zamu yangu nikanyoa, wala sikuwa na haja ya kunyoa.

Kwa msioijua hiyo gari ya mjomba. Mark II GX81, zile za kiboksi, Toyota walizitoa 1988 mpaka 1992, silinda sita zimejipanga mstari mmoja, ujazo cc 1988 (utoto wote nilijua 1988 iliyoandikwa kwenye kadi ni mwaka wa gari, kumbe ni injini). Ilikuja nyeupe kutoka Japani kama wenzake wote. Mjomba aliinunua mkononi mwa mtu 2001, na miaka mitatu iliyofuata kila senti ya Keko iliishia humo, mkewe alikuwa anaiita mke mwenza na hakuwa anatania sana. Ilishushwa mpaka matuta anapita kwa ubavu, rimu za inchi 17, taa za bluu chini ya tumbo, buti lote limejaa spika mpaka tairi la akiba likawa linalala chumbani kwetu.

Ila kilichokuwa kinawasimamisha watu ni rangi. Hiyo aliipiga rafiki yake, fundi rangi, walikuwa chanda na pete, mi nilikuwa namwita anko kabisa. Alipiga silva kwanza, juu yake zambarau nyepesi sana inayopitisha mwanga, mkono juu ya mkono, mimi nilihesabu mpaka saba nikaitwa kula, halafu klia, ile ya juu isiyo na rangi, halafu siku nzima msasa wa maji namba 2000 na redio. Kivulini gari inaonekana zambarau imezama hivi kama juisi ya zabibu, ukiitoa juani ile silva ya chini inarudisha mwanga na gari inawaka kwa ndani. Jumapili ilikuwa inapelekwa Coco Beach kupaki tu. Kupaki tu! Watu wanaizunguka, wanapiga picha na kamera za filamu, mjomba amekaa kwenye boneti anakula mihogo anajifanya haoni. Jumamosi inabeba maharusi, na hela ya maharusi ndo ililipa ada yangu ya darasa la tano, hilo nalisema wazi.

Iliibiwa 2006. Walio na umri wangu mnaukumbuka mwaka ule, ukame, redioni Mtera Mtera (lile bwawa la umeme) kila saa, mgao wa umeme mpaka ukasahau friji ni ya nini. Mtaa mzima giza, na penye mwanga pana jenereta linalia, kwa hiyo hata mtu akivunja nyumba ya pili husikii. Asubuhi mjomba akatoka na ndoo ya kuoshea, akarudi nayo na maji yake.

Sasa hapa ndo penye mfupa. Gari ilikuwa na swichi ya siri ya kukata pampu ya mafuta, nyuma ya kisahani cha majivu ya sigara, unachomoa kisahani unaingiza vidole unabonyeza. Juu inawaka, chini imekata. Mjomba alipaka tone la rangi ya kucha ya mkewe upande wa juu, nyekundu. Usiku ule aliapa aliikata. Kituoni akaulizwa nani mwingine anaijua hiyo swichi, akajibu ukweli, "ni mimi na fundi rangi, kwa sababu ni yeye alinisaidia kuifunga." Basi. Jioni ileile fundi rangi akachukuliwa.

Alikaa ndani siku nne. Nakumbuka mkewe alivyokuja pale kwetu, mtoto mgongoni, akapiga magoti kwenye sakafu ya barazani anamwita mjomba shemeji, shemeji, na mjomba amekaa anaangalia ukutani. Ushahidi haukupatikana akaachiwa. Hawajasalimiana tena. Fundi rangi Keko aliihama, na sisi watoto tukaambiwa tukikutana naye njiani tupite upande wa pili, na mi nilipita, mara moja, pale Tandika sokoni, aliniona.

Miaka 18 hiyo.

Nirudi kwenye kutafuta. Nimewahi kusoma kwenye intaneti habari ya Mmarekani mmoja wa New York aliyeibiwa Corvette Januari 1969, ikaja kunaswa California mwishoni mwa 2005 ikiwa inaandaliwa kupanda meli kwenda Sweden, watu wa forodha wakapitisha namba ya chasisi kwenye mfumo ikagoma. Alirudishiwa Januari 2006, mwaka uleule sisi tunaibiwa. Kwa hiyo kichwani nikajua silaha ni namba ya chasisi, nikachimba bahasha ya kaki ya mjomba nikatoa kopi ya kadi kimyakimya. Sikumwambia kitu. Mzee ana presha.

Kinyozi akanielekeza kwa aliyemuuzia, gereji bubu moja Mbagala Kizuiani, chini ya mwembe. Ukienda gereji bubu ukauliza gari ya wizi utapewa chai na hautapewa jibu, mi nikaenda na gia ya kutafuta taa za nyuma za GX81. Fundi mmoja kijana akasema hizo ngumu kupata bro, labda ya yule mzee wa Vikindu, iko juu ya mawe miaka, hata siti tuliing'oa sisi alitaka nafasi ya kubebea nazi. Juu ya mawe, nikacheka peke yangu maana na mimi mwezi ule nilikuwa juu ya mawe, nauli yenyewe ya kuokoteza.

Nikaenda. Kongowe, Vikindu, bodaboda, njia ya mchanga, mkorosho mkubwa, chini yake gari nyeupe imekaa juu ya matofali na mawe, kuku wanaingia na kutoka dirishani. Boneti tupu, injini ilishauzwa. Mzee muungwana kweli, shikamoo marahaba, akaniletea kiti na kadi bila kuombwa. Aliinunua 2011 kwa dalali. Kadi ni halali, ila ni ya GX81 nyingine. Huo mchezo ni wa zamani: wanatafuta gari iliyopata ajali mbaya, wananunua kadi na namba zake, halafu wanatafuta pacha wake mzima wa kuibiwa. Kwenye Mark II namba ya chasisi imegongwa kwenye lile bati la nyuma ya injini, na pale nilipoangalia kuna kipande kimekatwa mstatili kikachomelewa kingine, mchomeleo umepigwa puti na puti imepasuka. Kwa hiyo kopi yangu ya kadi, silaha yangu yote ile, kazi yake ikaishia pale.

Nikazunguka nyuma. Nikafungua kifuniko cha mafuta, kile cha bati cha nje. Upande wa ndani, wanaopiga rangi mpya huwa hawahangaiki nao. Zambarau. Kipande cha kama kiganja. Nikakifunga haraka kama nimeona uchi wa mtu.

Jumapili nikampeleka mjomba. Nilimwambia njiani, kwenye daladala, na nilichagua daladala makusudi ili asipate nafasi ya kupiga kelele. Hakupiga. Alivua kofia akaivaa tena. Pale tukapitia kwa mwenyekiti wa kitongoji kwanza, akatusindikiza, mambo yaende kiutaratibu.

Nilitegemea ataenda kwenye rangi. Hakwenda. Alifungua mlango wa mbele akafukuza kuku, akakaa kwenye chuma pale palipokuwa na siti, akachomoa kisahani cha majivu, akaingiza vidole bila kuangalia. Akanyamaza. Akanyamaza sana mpaka mwenyekiti akanitazama.

"Iko chini," akasema.

Sikuelewa. Nikawasha tochi ya simu nikainama. Swichi ile, imejaa vumbi na utando wa buibui, tone jekundu bado lipo upande wa juu, na kitufe kimelala chini. Kama alivyoiacha yeye usiku ule.

Kisha akaanza kung'oa kapeti. Chini ya kapeti, kutoka ilipokuwa betri mpaka kwenye tangi, kuna waya mwekundu mmoja mrefu, haumo kwenye nyaya za gari, umeungwa kwa kusokotwa na gundi ya umeme, kazi ya haraka kabisa. Hapo nikaelewa. Walioiba waliisukuma mpaka mbali, wakakuta pampu haifanyi kazi, hawajui kwa nini, wakaivutia waya wake moja kwa moja. Anayeijua swichi anabonyeza tu. Asiyeijua ndo anavuta waya. Na baada ya hapo gari imepita mikono yote hiyo ikitembelea waya mwekundu, hakuna aliyewahi kuchomoa kile kisahani.

Mi nilikuwa nishajipanga, tukafufue RB ya polisi, dalali atafutwe, tujue injini imeenda wapi. Mjomba akasema huyu mzee alitoa hela yake. Nikakasirika, na mpaka leo nimekasirika, maana kuna mtu mahali anakunywa soda na hela ya gari ile. Lakini mjomba kaomba bisibisi tu. Akafungua skrubu mbili akatoa kifuniko cha mafuta, akampa mzee elfu ishirini, mzee akakataa, akaiacha juu ya mtungi.

Kwenye daladala ya kurudi hakusema neno mpaka Kongowe. Pale Kongowe akasema, "Siku nne." Basi, mpaka nyumbani.

Namba ya fundi rangi nimeipata jana kwa mwanawe, yule wa mgongoni, saivi ana bajaji yake. Anaishi Chanika. Mjomba akaniambia piga wewe uweke spika, akakaa barazani na kile kifuniko mapajani.

"Nani?"

"Mimi," mjomba akasema, akataja jina lake.

Upande wa pili kimya, jogoo anawika kule kwake.

"Gari imeonekana. Swichi ilikuwa chini. Walivuta waya."

Kimya tena, nikadhani imekatika, nikaangalia kioo, dakika zinahesabu. Mjomba akafungua mdomo, akaufunga. Mi nilikuwa nasubiri lile neno moja, nisamehe, likagoma kutoka, uso wote ulikuwa unalisema ila mdomo umegoma.

Fundi rangi ndo akaongea.

"Rangi yangu imebaki popote?"

"Kwenye kifuniko cha mafuta. Upande wa ndani."

"Imepauka?"

Mjomba akakifuta kwa pindo la shati, akanyanyuka nacho mpaka kwenye jua la uani, akakigeuza hivi, akakigeuza hivi. Mi nikawa nimeshika simu namfuata nyuma.

"Haijapauka."

"Nitumie picha. Hapana, nina kitochi mimi, sitaona kitu."

"Nitakuletea mwenyewe."

Hakusema karibu na hakusema usije. Alikohoa, akasema Ijumaa na Jumamosi yuko kazini, kesho Alhamisi yupo nyumbani mpaka adhuhuri. Nimeshaomba ruhusa dukani. Kifuniko kimefungwa kwenye kanga ya mke wa mjomba, kiko juu ya kabati.