Losheni ya kipande: ya Dar na ya Njombe si moja

Chaki ndiyo chanzo. Nafundisha darasa la nne hapa Dar es Salaam, na anayeshika chaki tangu asubuhi mpaka mchana anajua inavyonyonya mafuta yote vidoleni. Mikono ilipauka, ngozi kando ya kucha ikaanza kuchanika, na kila nikinawa kwa sabuni inawasha zaidi. Nilikuwa natembea na kichupa cha mafuta ya nazi kwenye mkoba. Siku moja kifuniko kililegea ndani ya daladala, nikafika nyumbani na madaftari ya hisabati yamelowa mafuta, mengine mpaka kurasa za katikati. Wanafunzi hawakusema kitu. Lakini najua kuna mzazi ambaye daftari jipya kwake ni hesabu ya kupiga mara mbili, na jambo lile liliniuma. Nikaanza kutafuta mafuta yasiyomwagika.

Losheni ya kipande ni nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta, ikamiminwa kwenye vikombe vidogo ikaganda. Ukiishika, joto la kiganja linalainisha tabaka la juu, unajipaka, unairudisha kwenye kikopo chake. Ndani yake hamna maji. Losheni ya chupa sehemu yake kubwa ni maji, ndiyo maana watengenezaji hulazimika kuitia dawa ya kuzuia ukungu na bakteria. Kipande hakihitaji dawa hiyo, mradi kibaki kikavu kweli kweli.

Maelekezo niliyoyakuta mtandaoni yalikuwa mafupi: sehemu moja ya nta, moja ya siagi ya shea (mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea) au ya kakao, moja ya mafuta ya maji. Nikachukua kikombe cha chai, nikapima vikombe vitatu sawasawa, nikayeyusha, nikamimina, nikaweka kwenye friji. Kesho yake vipande vilikuwa vigumu, vinang'aa, vinanukia asali. Nikaenda nacho kimoja shuleni kwa furaha. Ilikuwa Februari. Kufika saa tano nilipofungua kikopo nikakuta uji.

Nilijaribu tena, uji tena. Nilipokuja kununua mizani ya jikoni ndipo nikaona kosa. Nta nilikuwa naikwangua kwa kisu, na kikombe kilichojaa nta ya kukwangua kina hewa nyingi katikati ya vipande. Nilipokiweka kwenye mizani, uzito wake haukufika nusu ya uzito wa kikombe cha mafuta. Nilidhani natia theluthi ya nta, kumbe natia kama sehemu moja ya tano. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa yeyote anayetaka kuanza ni hili: nunua mizani inayosoma gramu kabla hujanunua mafuta yoyote. Kijiko na kikombe waachie wapishi wa chai.

Kosa la pili lilikuwa la kutofikiria hali ya hewa. Aliyeandika maelekezo yale, nadhani, anaishi mahali ambapo mafuta ya nazi hukaa kwenye kopo yakiwa meupe na magumu. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hadi 26 hivi, kwa hiyo hapa Dar ni ya maji karibu mwaka mzima. Siagi ya kakao huyeyuka kati ya 34 na 38, jirani kabisa na joto la mwili, ndiyo maana inapendeza kwenye ngozi. Lakini mchana wa Februari hapa kwetu hufika 32 au 33 kivulini, na ndani ya mkoba uliofungwa kwenye daladala ni zaidi. Nta ya nyuki peke yake ndiyo husimama: huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Hiyo ndiyo mifupa ya kipande. Vilivyobaki vyote ni nyama.

Nta ilinisumbua kuipata. Bonge la kwanza nililinunua kwa muuzaji mmoja sokoni, likiwa limetiwa rangi ya njano, na likawa nta ya mishumaa. Sikuijua tofauti. Sasa naijua: nta ya nyuki hunukia asali hata ikiwa kuukuu, ukiifinyanga vidoleni hulainika na kushikana, na ukiivunja ikiwa baridi sehemu iliyovunjika haing'ai, ina chembechembe. Ya mishumaa huteleza kama sabuni na haina harufu yoyote ya maana. Shemeji yangu ni mtu wa Sikonge, mkoani Tabora, ambako watu wamerina asali kwenye misitu ya miombo tangu enzi za mababu, na bado wapo wanaotundika mizinga ya magogo na ya magome. Yeye ndiye ananiletea kila anapotoka nyumbani.

Nta ya mrinaji haiji safi, ina masalia ya masega, miguu ya nyuki, majani. Naiyeyusha kwenye maji ya moto, naichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, naiacha ipoe usiku kucha. Asubuhi inakuwa imeelea juu kama chapati nene, na uchafu umeganda upande wa chini. Naukwangua ule uchafu, naivunja vunja nta, halafu naianika kivulini siku mbili au tatu. Hapo kwenye kuanika usiharakishe. Bonge la nta huficha matone ya maji tumboni.

Maji yenyewe yaliniingilia kwa njia nyingine kabisa. Jirani yangu, mama mmoja wa Mafia, hupika mafuta ya nazi mwenyewe: anakuna, anakamua tui, analichemsha mpaka mafuta yanajitenga. Mafuta mazuri, harufu yake huwezi kuilinganisha na ya dukani. Mara moja nilimharakisha. Nilitaka chupa siku ileile, na yakaepuliwa kabla hayajaacha kutoa mapovu. Mapovu yale ni maji yanayotoka. Vipande nilivyotengeneza vilikaa wiki tatu, vikaanza kunukia uchachu, kimoja kikaota doa la kijani upande wa chini. Nikavitupa vyote 14, nta ya Sikonge na kila kitu. Sasa nikichukua mafuta ya kupika nyumbani naomba yaachwe mpaka sufuria inyamaze na mashapo yawe ya kahawia, kisha nayaweka siku mbili yatulie na kumimina ya juu tu.

Watu huniambia nitie vitamini E ili visiharibike. Natia, natoboa vidonge vya mafuta kutoka duka la dawa kwa pini, kama gramu moja kwa kila gramu 200. Lakini kazi yake ni kuchelewesha mafuta yasichache kwa hewa na mwanga. Ukungu hauogopi vitamini E hata kidogo.

Kuhusu siagi ya shea, ninazozikuta Kariakoo ni za aina mbili: ya njano yenye harufu ya moshi na karanga, na nyeupe iliyosafishwa isiyonukia kitu. Nyingi hutoka Afrika Magharibi. Mwalimu mwenzangu mwenye ndugu Gulu aliwahi kuniletea ya kaskazini mwa Uganda, na hiyo ni kitu kingine: laini kama siagi ya mkate, inayeyuka vidoleni papo hapo. Kwa mikono yangu naipenda kuliko zote. Kwa kipande cha Dar inataka nta zaidi kidogo, kwa kuwa inalegea mapema.

Shea ina tabia moja ya kuudhi. Ikipoa polepole huota chembe ndogo kama sukari, na ukijipaka unahisi unajisugua kwa mchanga. Haijaharibika, ni mafuta yake magumu yaliyotangulia kuganda peke yake. Iyeyushe tena mpaka isibaki hata punje moja, kisha ipoze haraka. Mimi nikishamimina, vikombe vinaingia kwenye friji mara moja.

Mafuta ya maji nimejaribu mengi. Alizeti ya Singida ni nyepesi na inanyonywa na ngozi haraka, ila inachacha upesi, kwa hiyo natia kidogo. Ufuta unakaa muda mrefu zaidi lakini harufu yake inafunika kila kitu, na kuna watu ambao miili yao inaukataa. Karanga vilevile, kwa hiyo ukimpa mtu kipande mwambie kuna nini ndani. Nyonyo ni nzito, ikizidi kipande kinanata na vumbi la chaki linaganda mikononi. Nazi ndiyo mwenyeji wa ngozi yangu, ila binti yangu akijipaka usoni anatoka chunusi, basi yeye anaishia mikononi na miguuni.

Baada ya majaribio ya miezi, kwa gramu 100 za kipande cha Dar natia nta gramu 32, siagi ya shea 28, siagi ya kakao 10, mafuta ya nazi 20 na alizeti 10. Nta inatangulia kwenye bakuli la chuma lililokalishwa juu ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu. Kamwe siiweki moja kwa moja kwenye moto, maana nta ikipata joto kupita kiasi hushika moto, na moto wa mafuta haumwagiwi maji, unafunikwa. Nta ikishayeyuka natia kakao na mafuta, shea inakuja mwisho wakati nimeshazima jiko. Nainua bakuli na kufuta tumbo lake kwa kitambaa kikavu, kwa sababu mvuke unaotiririka chini yake unaweza kudondokea kwenye vikombe.

Kabla ya kumimina kuna jambo limeniokolea nta nyingi. Natia kijiko kwenye friza, natonesha matone mawili ya mchanganyiko juu yake, nasubiri yagande na yarudie joto la chumba, halafu nayasugua kwenye mkono. Yakiteleza mno naongeza nta gramu moja au mbili, yakigoma naongeza mafuta. Bakuli nalifuta kwa gazeti likiwa bado la moto, kwani nta ukiimwaga kwenye sinki utamtafuta fundi bomba.

Harufu niliicheza vibaya. Nilipata mafuta ya karafuu ya Pemba na nikatia kwa jicho. Siku ya pili mkono wangu wa kushoto ulikuwa mwekundu na unawaka. Karafuu ina kitu kinachoitwa eujenoli, kikali mno kwa ngozi, na kiwango chake hakitakiwi kuvuka nusu gramu kwa gramu 100. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye maganda nayo yana hatari yake, yanaweza kuunguza ngozi ukitoka juani. Leo situmii harufu yoyote. Nta na kakao vinatosha.

Nilidhani nimemaliza, mpaka nilipompelekea mama. Yeye yuko Njombe, ana kisukari, na miguu yake hupata magaga makubwa msimu wa baridi. Magaga kwa mtu wa kisukari si suala la urembo, ufa ukiingia ndani ni mlango wa kidonda, na wauguzi wa kliniki yake wamemwambia aikague miguu kila siku na asiache ikauke. Nikatuma vipande vitatu kwa basi. Baada ya siku mbili akapiga simu.

"Mwanangu, hiki ulichonitumia ni sabuni au mafuta? Nimesugua mpaka kisigino kinauma, hakitoki kitu."

Sikuwa nimefikiri. Njombe mwezi wa Julai usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na hata mafuta ya nazi yaliyomo humo yalikuwa yameganda. Kipande kilichosimama imara kwenye daladala ya Mbagala kwake kilikuwa jiwe, na jiwe kwenye ngozi yenye nyufa linaumiza. Nikaanza upya: nta gramu 22, shea 38, alizeti 40, nazi hamna, kakao hamna. Nikavijaribu kwa kuviacha usiku kwenye friji na kuvitoa asubuhi. Vikitoa mafuta baada ya kushikwa kwa muda wa kuvuta pumzi chache, vinafaa.

Nikamweleza na namna ya kukitumia, kwa sababu kipande hakileti maji kwenye ngozi, kinayafungia yaliyopo. Aoge miguu kwa maji ya uvuguvugu, aifute kidogo tu, ajipake ingali na unyevu, avae soksi za pamba alale. Katikati ya vidole asipake, pabaki pakavu. Na akiona ufa unatoa damu au usaha, aache vipande vyangu aende hospitali. Hilo nilimfanya alirudie kwenye simu.

Alianza mwishoni mwa Julai. Septemba nilipokwenda likizo nilimwomba anioneshe. Visigino vilikuwa bado vigumu pembeni, lakini ule ufa mrefu wa mguu wa kulia, uliokuwa unanikosesha usingizi, ulikuwa umeziba. Nilikaa pale chini nimeshika mguu wake kwa muda, naye akawa ananiuliza nalia nini.

Sasa vikombe vyangu vina alama: vya Dar naacha wazi, vya mama nachora M kwa ncha ya kisu, na tarehe chini ya kikopo. Wenzake wa jumuiya wameanza kuagiza. Juzi ameniambia anataka 12 kabla baridi ya Juni haijaingia, na nta iliyobaki kabatini haifiki robo kilo. Shemeji anakwenda Sikonge wiki ijayo.