Nilivyochagua programu ya kache ya diski kwa kompyuta ya 386

Kache ya diski ni sehemu ya RAM inayoshika nakala za data za diski ili zisisomwe upya kila mara. Mashine yenyewe ni 386SX, RAM ya MB 4, diski kuu ya IDE, na mfumo wa uendeshaji wa MS-DOS 6.22. Sikuanza kuchagua kwa kuuliza ipi ina kasi zaidi. Nilianza kwa kuuliza ipi inafanya nini faili inapohifadhiwa: inaiandika diskini papo hapo, au inaishikilia kwenye RAM na kuiandika baadaye kidogo?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Kache inayosoma tu haiwezi kukupotezea kitu. Ikifutika, diski bado ina kila kitu. Kache inayochelewesha kuandika ina nyakati zake za hatari: umeme ukikatika au ukibonyeza kitufe cha kuwasha upya wakati data bado iko RAM, unaweza kupoteza zaidi ya faili moja. Jedwali la FAT, yaani orodha ya mahali kila faili lilipo diskini, likibaki limeandikwa nusu, hata mafaili ambayo hukuyagusa yanaharibika. SMARTDRV, programu ya kache iliyokuja na MS-DOS 6.0, ilichelewesha kuandika na kukurudishia C:\> (alama ya DOS ya kusubiri amri) kabla kazi haijaisha diskini, kwa hiyo mtu alizima akidhani kila kitu kimekwisha. Toleo la 6.2, lililotoka mwaka 1993, lilibadilisha hilo: C:\> hairudi mpaka data iwe imeandikwa, na kuna swichi ya /X inayozima ucheleweshaji kwa diski zote.

Niliziangalia nyingine pia. NCACHE ya Norton Utilities ni nzuri sana na inaweza kutumia hata EMS (kumbukumbu ya ziada inayofikiwa kwa vipande), kwa hiyo ndiyo ningeiweka kwenye mashine ya 8088, ambayo haina XMS (kumbukumbu iliyo juu ya MB 1) ambayo SMARTDRV inaihitaji. LBACACHE ya FreeDOS inataka 386 na XMS, na haicheleweshi kuandika hata kidogo. Kwa anayeogopa kupoteza data, hiyo ni sababu tosha ya kuichukua. Nilibaki na SMARTDRV kwa sababu inanieleza yenyewe inafanya kazi kiasi gani, na nikiiwekea /X inaandika moja kwa moja.

Hesabu ya RAM ndiyo iliyoamua ukubwa. Kwenye MB 4, KB 640 ni kumbukumbu ya kawaida, KB 384 zinazofuata ni eneo la kadi ya video na BIOS, zinabaki KB 3,072. Mstari wa DOS=HIGH, unaohamishia sehemu ya DOS huko juu, unachukua KB 64 za mwanzo. SMARTDRV ikiachiwa ichague yenyewe kwenye mashine hii inachukua MB 1, na hapo DOS inabaki na chini ya KB 2,000. Kumbuka kwamba hairudishi RAM hiyo kwa programu za DOS. Inapunguza kache pale tu Windows inapoanza. Ndiyo maana mchezo unaotaka XMS nyingi unakataa kufunguka, na watu wanalaumu mchezo.

Mistari niliyofikia ni hii, kwenye faili mbili ambazo DOS inazisoma inapowaka. Kwenye CONFIG.SYS:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DOS=HIGH
BUFFERS=10

Na kwenye AUTOEXEC.BAT, baada ya MSCDEX (programu inayoiwezesha DOS kusoma CD) kama una CD-ROM:

C:\DOS\SMARTDRV.EXE /X 1024 256

Namba ya kwanza ni KB za kache ndani ya DOS, ya pili ni kiwango cha chini ambacho Windows inaweza kuishusha. Ikitangulia MSCDEX, CD haitawekwa kwenye kache, na hutapata onyo lolote. BUFFERS (hifadhi ndogo za DOS yenyewe) kubwa haina faida tena, kwani DOS inapekua kwanza bafa zake, kisha SMARTDRV inapekua zake.

Kupima kunataka subira kidogo. Andika SMARTDRV /R ili kache iwe tupu, fanya kazi yako halisi, kisha andika SMARTDRV /S. Utaona nafasi ya vipande 128 vya baiti 8,192, na chini yake mara ngapi data ilipatikana kwenye kache na mara ngapi ilikosekana. Mimi natazama pia taa ya diski: ukiomba DIR ya saraka ileile mara ya pili, orodha inashuka na taa haiwaki kabisa. Ukinakili faili kubwa mara moja tu, hesabu itakuwa mbovu hata kwa kache ya MB 2, kwa sababu hakuna kinachosomwa mara ya pili, na hiyo faili inasukuma nje vile vilivyokuwa na manufaa. Kwa kompaila inayorudia vifaili vidogo vilivyotawanyika, /E:4096 inafaa zaidi: KB zilezile zinashika vipande 256 badala ya 128.

Kwenye ripoti hiyohiyo ya SMARTDRV /S kuna safu ya buffering, inayosema kama data ya diski inahitaji kupitia bafa ya ziada. Ikionyesha «no» kwa diski zote, mstari wa SMARTDRV.EXE /DOUBLE_BUFFER kwenye CONFIG.SYS ni mzigo tu, uondoe. Unahitajika kwa baadhi ya kadi za SCSI zinazoandika RAM zenyewe wakati EMM386 (programu ya DOS ya kusimamia kumbukumbu) imepakiwa. Alama ya kistari maana yake bado haijajulikana. Tumia diski kidogo, uangalie tena.

Usipakie kache mbili kwa pamoja, na ukiwa na programu ya kubana diski, DriveSpace au DoubleSpace ya matoleo ya awali, fahamu kwamba kinachowekwa kwenye kache ni diski mama (diski halisi), wala si ile iliyobanwa. Kwa michezo inayodai RAM yote, nimeweka [MENU] kwenye CONFIG.SYS yenye chaguo mbili, na kwenye AUTOEXEC.BAT GOTO %CONFIG% inaruka mstari wa SMARTDRV. Na ukiamua kuendesha bila /X, andika SMARTDRV /C, inayoandika diskini kila kilichoshikiliwa, na usubiri taa izimike kabla ya kugusa kitufe chochote cha mbele ya kasha.