Mikono Yetu Usiku wa Kibo

Tuliondoka kituo cha Kibo kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, yapata saa sita usiku. Mwongozaji wetu, Mchaga wa Marangu aliyeanza kazi ya mlimani akiwa mpagazi, hakuturuhusu kupiga hatua kabla ya kutukagua mikono mmoja baada ya mwingine. Alitaka kila mtu avae glavu nyembamba za sufu, na juu yake zile pana zisizotenganisha vidole, ambazo mimi nilikuwa nimezipata kwenye mitumba ya soko la Memorial pale Moshi. Jozi ya akiba aliagiza ikae kifuani ndani ya koti, wala si kwenye begi mgongoni, ili tukiihitaji tuikute kavu na ina joto.

Binamu yangu alishikilia kuvaa glavu zake za ngozi, nzuri kwa macho lakini zilizombana. Tulipopumzika kwenye Pango la Hans Meyer alisema hasikii tena ncha za vidole. Mwongozaji akamvua glavu ya kulia chini ya mwanga wa taa ya kichwani, nami nikaona vidole vimepauka kama nta, huku alama ya mshono ikiwa imejichora kwenye ngozi. Hakuvisugua. Alifungua zipu ya koti lake mwenyewe, akakiingiza kiganja kile kwapani mwake, wakasimama hivyo wameupa upepo mgongo, hadi kijana alipoanza kulalamika kwamba vidole vinamchoma.

"Vikiuma mshukuru Mungu, mdogo wangu," alimwambia. "Damu inarudi."

Baridi inapozidi, mwili huikimbiza damu kwenye moyo na viungo vya ndani, na vidole ndivyo vinavyonyimwa kwanza. Glavu inayobana huzuia hata ile kidogo iliyobaki, ilhali vidole vilivyokaa pamoja ndani ya glavu pana hupashana joto. Ndiyo maana pia alitukataza kwenda kasi, kwa sababu jasho likishalowesha sufu, joto la glavu hupungua sana. Fimbo zetu alisisitiza tuzishike kwenye mpini wa mpira tu, tusiguse chuma.

Binamu yangu alivaa jozi yangu ya akiba, tukaendelea. Jua lilitukuta Gillman's Point, kwenye ukingo wa kreta ya Kibo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba msaidizi wa mwongozaji, aliyekuwa akitushika mkono kwenye mawe, alikuwa amevaa soksi mikononi usiku kucha. Jambo hilo liliniumiza, na linaniumiza hadi leo, kwa kuwa anayelinda mikono ya wageni anastahili glavu kabla ya mgeni yeyote. Tulipofika kituo cha Horombo wakati wa kushuka nilimkabidhi glavu zangu zote mbili, za ndani na za nje. Vidole viwili vya binamu yangu viliendelea kufa ganzi kwa majuma kadhaa, kisha vikapona kabisa.