Zege jipya lilivyoshika kwenye msingi wa zamani wa mnara

Mnara wetu wa redio hapa Likoni una mita 12, na msingi wake ulikuwa mdogo mno kuhimili upepo wa kusi. Mara ya kwanza fundi alimwaga zege jipya juu ya la zamani, basi. Miezi michache baadaye ufa ukazunguka pale pa kuungana. Zege bichi halishikani vizuri na uso mkavu, laini, wenye vumbi.

Tukalibomoa lile jipya, tukaanza upya. Uso wa zamani tuliupiga patasi mpaka kokoto zikaonekana. Tukatoboa mashimo ubavuni na kuingiza nondo za milimita 12 kwa gundi ya epoksi. Vumbi likibaki shimoni gundi haishiki, kwa hiyo pulizeni, sugueni, pulizeni tena. Hapa msiharakishe hata kidogo. Nondo tulizifunika kwa sentimita 5 za zege, maana chumvi ya bahari huzila.

Usiku tuliulowesha msingi, asubuhi tukamwaga. Maji matamu, mchanga wa mto. Wa ufuoni niliukataa katakata. Zege tukalifunika kwa magunia, tukayaweka mabichi siku 7. Waya za kushikilia mnara hazikulegezwa kamwe. Msimu wa kusi umepita, ufa haujarudi.